Kwa nini laptopu ya zamani hupata moto na kuwa nzito

Ilipokuwa mpya uliiwasha na kuanza kazi mara moja. Sasa unaiwasha, unakwenda kuchota maji, unarudi na kile kiduara bado kinazunguka. Feni inavuma kama mashine ya kusaga, upande wa chini hauwekeki mapajani, na siku nyingine inazimika yenyewe katikati ya kazi ambayo hukuwa umeihifadhi.

Swali hili la laptopu, au kompyuta mpakato, hutufikia mara kwa mara, na tunaelewa kwa nini. Vijijini laptopu moja hubeba kazi ya watu wengi. Ndani yake mna alama za mitihani za kidato kizima, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, au orodha ya wakulima wa AMCOS na kilo walizopima. Kwa kijana anayechapa barua na kutoa kopi pale senta, laptopu ndiyo mtaji wenyewe. Ikisimama, shughuli za wote hao zinasimama.

Jibu wanalopewa wengi ni fupi: "Imezeeka hiyo, nunua nyingine." Mara nyingi jibu hilo humgharimu mtu fedha bila sababu. Laptopu yenye joto na laptopu nzito zinaweza kuwa na magonjwa mawili tofauti yanayofanana dalili. Ugonjwa mmoja hutibiwa kwa kusafisha na kupaka dawa ya kupitisha joto. Mwingine hutibiwa kwa kubadili kifaa kimoja au viwili vya ndani. Katika makala haya tunaeleza joto linatoka wapi, kwa nini joto huleta uzito, na namna ya kutambua ugonjwa wa laptopu yako kabla hujatoa hela.

Joto linatoka wapi

Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Sehemu inayochemka zaidi ni prosesa, ule ubongo unaofanya hesabu zote. Ni kipande kidogo, karibu sawa na ukucha wa kidole gumba. Ndani yake mna swichi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo zimefika mamia ya mamilioni, au hata mabilioni. Prosesa ikiandikwa gigahezi 2, maana yake mapigo yake ya kazi ni bilioni 2 kwa sekunde. Kila swichi inapofunguka na kufunga huacha joto kidogo sana, na kidogo hicho kikijumlishwa huwa kingi.

Prosesa za laptopu nyingi za kawaida zimeundwa kutumia takriban wati 15 zikifanya kazi kwa muda mrefu, na zile za kazi nzito hufika wati 45 au zaidi. Wati 15 zinaweza kuonekana kidogo, kwa kuwa hiyo ni sawa na taa ya nyumbani. Lakini joto hilo lote linatoka kwenye eneo la ukucha. Lisipoondolewa, prosesa hufika nyuzijoto 100 za Selsiasi kwa muda mfupi, joto la maji yanayochemka.

Kazi ikiongezeka, joto nalo huongezeka. Ndiyo maana laptopu ile ile huwa vuguvugu unapoandika barua, na huwa ya moto unapotazama video au kuzungumza na mtu kwa picha kupitia intaneti.

Namna inavyojipoza

Joto huondolewa kwenye prosesa kwa hatua nne, na ni vizuri kuzijua kwa sababu kila hatua inaweza kuharibika.

Ya kwanza ni pesti. Huu ni ute mzito, mara nyingi wa kijivu au mweupe, unaopakwa juu ya prosesa kabla ya kugandamizwa kipande cha shaba. Chuma kikigusana na chuma, hata vikionekana laini namna gani, hubaki mianya midogo yenye hewa kati yao, na hewa hupitisha joto vibaya. Pesti hujaza mianya hiyo.

Ya pili ni bomba la shaba lililobonyezwa likawa bapa. Ndani yake hewa imeondolewa na kuachwa maji kidogo sana. Maji hayo yakipata joto upande wa prosesa hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa pili ulio baridi, huko hugeuka tena kuwa maji na kurudi. Umeona hali hiyo jikoni: mvuke wa sufuria ukigusa mfuniko huwa matone, na mfuniko hupata moto. Bomba hilo hufanya hivyo mfululizo, na joto huhama bila mashine yoyote kusukuma.

Ya tatu ni mapezi, yaani vibati vyembamba vilivyopangwa kwenye ncha ya bomba kama meno ya kitana. Joto hutawanyika juu ya vibati hivyo ili hewa ilichukue.

Ya nne ni feni. Huvuta hewa, mara nyingi kupitia matundu ya chini, na kuisukuma ipite kati ya mapezi hadi nje kupitia matundu ya ubavuni au nyuma.

Kwa hiyo laptopu hupozwa na hewa ya chumba ulichokaa, na haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoivuta. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha hewa ya kufanyia kazi kuwa nyuzijoto 35. Mchana wa Februari huko Tanga, Morogoro au Dar es Salaam, ndani ya chumba cha bati kisicho na dari, hewa inaweza kupita kiwango hicho. Aliye Njombe au Makete ana msaada wa bure kutoka kwenye hali ya hewa ya kwao. Laptopu moja inaweza kufanya kazi vizuri Makete na kuzimika ikifika pwani, wala hakuna aliyeiroga.

Kinachozeeka ni nini

Watu wengi hudhani prosesa huchoka kama injini ya gari. Haiko hivyo. Prosesa ya miaka kumi, ikipozwa vizuri, hufanya hesabu kwa kasi ile ile iliyokuwa nayo dukani. Vinavyozeeka ni vile vinavyoizunguka.

Adui wa kwanza ni vumbi. Feni huvuta hewa pamoja na kila kilichomo: vumbi jekundu la kiangazi, chaki ya darasani, unga kama duka liko jirani na mashine, nyuzi za nguo na za zulia. Vumbi hilo hupita kwenye feni na kunasa kwenye mapezi, kwa kuwa nafasi kati ya vibati ni finyu. Taratibu linajijenga na kuwa kama kipande cha blanketi kati ya feni na mapezi. Ukitazama kwa nje huoni kitu, kwa sababu blanketi hilo liko upande wa ndani. Laptopu iliyokaa chumba kimoja na jiko la kuni huumia zaidi, maana moshi una mafuta yanayolifanya vumbi lishike kama gundi. Mende nao hupenda joto la ndani ya vifaa vya umeme, na hujificha humo na kutaga.

Adui wa pili ni ukavu wa pesti. Kila siku prosesa inapata moto na kupoa, inatanuka na kusinyaa. Baada ya miaka, pesti hukauka, hupasuka, au husukumwa pembeni. Mianya ya hewa inarudi na joto linabaki kwenye prosesa, hata kama feni ni safi.

Wa tatu ni feni yenyewe. Inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kilainishi cha mhimili wake hukauka. Kwanza inapiga kelele ya kukwaruza, kisha inazunguka kwa kusuasua, mwisho inasimama.

Kwa nini joto huleta uzito

Ndani ya prosesa kuna vihisi vinavyopima joto muda wote. Joto likikaribia kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi za laptopu ni karibu nyuzijoto 100, prosesa hupunguza kasi yenyewe. Iliyokuwa ikienda gigahezi 3 inaweza kushuka hadi 1 au chini yake. Kasi ikishuka, joto linashuka. Kikipoa kidogo inajaribu kupanda tena, joto linarudi, inashuka tena. Mtumiaji anachoona ni laptopu inayokwenda na kukwama, kukwama na kwenda.

Ni kama mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa kupanda mlima. Hupunguza mwendo ili asianguke, na mzigo ufike. Ikiwa hata kupunguza kasi hakusaidii, prosesa hukata umeme mara moja na laptopu huzimika bila onyo. Kuzimika huko kunaudhi, lakini ndiko kunakookoa prosesa isiungue.

Kutokana na hilo, uzito wa joto una tabia yake: laptopu huwa nyepesi asubuhi ikiwa baridi, kisha huanza kuwa nzito baada ya dakika kumi au ishirini za kazi, feni ikivuma. Ukiizima nusu saa ikapoa, wepesi unarudi. Ukiona tabia hiyo, ugonjwa wako ni joto.

Uzito usiotokana na joto

Kuna laptopu nyingine ambayo ni nzito tangu dakika ya kwanza, hata alfajiri ikiwa baridi kabisa. Kuisafisha vumbi hakutaiponya. Hapa chanzo huwa diski, ramu au programu.

Laptopu nyingi za zamani hutunza kazi kwenye diski ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta taarifa. Mkono huo huweza kwenda sehemu tofauti takriban mia moja tu kwa sekunde. Diski za kisasa, zinazoitwa SSD, hazina kitu kinachozunguka, na huweza kufanya kazi hiyo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ndiyo sababu laptopu ya zamani ikiwekewa SSD mwenyewe hudhani amebadilishiwa kompyuta.

Ramu ni meza ya kufanyia kazi, na diski ni kabati. Kila programu unayofungua inawekwa mezani. Meza ikijaa, kompyuta hulazimika kupeleka vitu kabatini na kuvirudisha kila unapovihitaji. Kama kabati hilo ni diski ya kuzunguka, kila kitu kinatambaa. Ramu ya gigabaiti 4 ilitosha miaka kumi iliyopita, lakini leo kurasa chache tu za intaneti zinaweza kuijaza. Gigabaiti 8 hutosha kwa kazi nyingi za ofisi na shule.

Tatu ni programu. Kila miaka inavyokwenda, programu na kurasa za intaneti zinakuwa kubwa zaidi, na nyingine hujiwasha zenyewe kila unapowasha laptopu bila wewe kuziita. Virusi vinavyoambukizwa kwa flashi zinazozunguka mtaani navyo hufanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia. Ikiwa diski imebaki na nafasi kidogo sana, mfumo unakosa hata pa kupumulia.

Magonjwa haya mawili husaidiana kumuumiza mgonjwa. Programu nyingi au virusi huifanya prosesa isipumzike, prosesa isiyopumzika hutoa joto, na joto linaifanya prosesa ipunguze kasi. Ndiyo maana tunashauri upime kwanza.

Jipimie mwenyewe

Vipimo hivi havihitaji kufungua chochote.

Kipimo cha kwanza ni cha saa. Iwashe laptopu ikiwa baridi, iweke mezani na uitumie kama kawaida. Je, ni nzito tangu mwanzo, au imekuwa nzito baada ya kupata moto? Tayari una nusu ya jibu.

Kipimo cha pili ni cha mkono. Laptopu ikiwa ya moto, weka kiganja mbele ya matundu inakotokea hewa.

Hewa ikitoka kidogo nayo ni ya moto sana, mapezi yameziba kwa vumbi.

Hewa ikitoka kwa nguvu lakini ni ya baridi, huku laptopu inakwama na kuzimika, joto halifiki kwenye mapezi. Mshukiwa ni pesti iliyokauka, au bomba la shaba lililoharibika.

Hewa isipotoka kabisa na husikii mvumo, feni imekufa. Usiendelee kuitumia hadi itengenezwe. Kumbuka tu kwamba zipo laptopu ambazo kiwandani hazikuwekewa feni.

Kipimo cha tatu ni cha kioo. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha lenye safu zilizoandikwa CPU, Memory na Disk, kila moja na asilimia yake. Usipoziona, bonyeza maneno "More details" yaliyo chini ya dirisha. Safu ya Disk ikikaa karibu asilimia 100 wakati hufanyi kitu kikubwa, tatizo ni diski. Memory ikizidi 90 muda wote, ramu haitoshi. CPU ikiwa juu wakati hujafungua programu yoyote, angalia jina lililo juu kabisa kwenye orodha. Hiyo ndiyo programu inayokula nguvu, na inaweza kuwa kirusi au sasisho linaloendelea.

Kipimo cha nne ni cha chaja. Kuna laptopu zinazopunguza kasi zikichomekwa chaja yenye wati pungufu au zisiyoitambua. Geuza chaja yako usome volti na wati zake, kisha linganisha na maandishi yaliyo chini ya laptopu. Chaja ya wati 45 kwenye laptopu inayotaka 65 inaweza kukuletea uzito ambao fundi ataufuta kwa siku nzima bila kuupata. Wanaotumia sola wakumbuke pia kwamba laptopu ikiwa kwenye betri pekee huweza kujiweka katika hali ya kubana umeme, na kasi hushuka kwa makusudi.

Unachoweza kufanya nyumbani

Iweke juu ya kitu kigumu na bapa. Godoro, mto, kanga iliyokunjwa na mapaja huziba matundu ya chini. Ukiinua nyuma ya laptopu kwa vipande viwili vya mbao au vizibo vinne vya chupa, hewa hupita vizuri zaidi.

Ihamishe kutoka juani na mbali na jiko. Kama chumba ni cha bati, panga kazi nzito asubuhi au jioni.

Safisha matundu kwa brashi laini, kama ya rangi au mswaki mkavu, laptopu ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia ndani. Usitumie upepo wa mashine ya kujazia matairi. Una nguvu kupita kiasi na mara nyingi hubeba maji na mafuta.

Zuia programu zinazojiwasha zenyewe. Kwenye lile dirisha la Ctrl, Shift na Esc, fungua sehemu ya Startup, chagua programu usiyoihitaji na uizime kwa neno Disable. Usiguse programu ya kuzuia virusi wala kitu usichokijua.

Bakiza nafasi kwenye diski. Hamisha video na miziki kwenye flashi au diski ya nje hadi angalau sehemu moja ya kumi ya diski iwe tupu.

Izime kabisa kabla ya kuitia begani. Laptopu iliyofunikwa tu inaweza kuamka ndani ya begi, na humo haina hewa. Kama ina diski ya kuzunguka, mitikisiko ya bodaboda ikiwa inafanya kazi inaweza kuikwaruza diski na kazi zako zikapotea.

Usiiweke kwenye friji wala juu ya kitambaa kibichi ili ipoe. Baridi ya ghafla huleta matone ya maji ndani, na matone hayo huua kompyuta haraka kuliko joto.

Ukimpelekea fundi

Kwanza kabisa, nakili kazi zako kwenye flashi au diski ya nje. Fanya hivyo hata kama fundi ni ndugu yako.

Mweleze ulichopima. Ukisema "huwa nyepesi asubuhi, inakuwa nzito ikipata moto, na hewa inayotoka ni kidogo", umempa njia ya kuanzia, naye anajua kwamba unaelewa.

Kazi ya joto ikifanywa sawasawa ina hatua hizi. Betri inatenganishwa kwanza. Mfuniko unafunguliwa, feni inatolewa ili ule utando wa vumbi uondolewe kwa mkono au brashi. Kupuliza kwa nje pekee kunaweza kuusukuma urudi kwenye feni. Fundi akipuliza, aishike feni isizunguke ovyo. Pesti ya zamani inafutwa hadi chuma king'ae, kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pesti mpya inapakwa kidogo, kama punje ya mchele, kisha skrubu zinakazwa kidogo kidogo kwa kupokezana ili kipande cha shaba kikae sawa.

Dawa ya meno na grisi ya baiskeli si pesti. Zinaweza kuonekana zinafanya kazi kwa siku chache, kisha zikakauka au kuyeyuka na kuiacha prosesa katika hali mbaya kuliko mwanzo. Mwombe fundi akuonyeshe bomba la pesti kabla hajaipaka. Si ujeuri, ni haki yako.

Ikiwa vipimo vyako vimeonyesha diski au ramu, uliza mambo mawili kabla ya kununua. Je, laptopu hii inafunguka na kukubali SSD? Je, ramu inaongezwa, au imeungwa moja kwa moja kwenye bodi? Laptopu nyembamba nyingi ramu yake haibadiliki, na fundi mkweli atakuambia. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu na diski yako ni ya kuzunguka, mara nyingi SSD ndiyo itakayokupa unafuu mkubwa zaidi. Diski inayotoa mlio wa kugonga au kukwaruza isisubiri: nakili kazi zako siku hiyo hiyo.

Betri iliyovimba ni jambo la haraka

Betri za laptopu ni za lithiamu, na joto ndilo adui yake. Kwa kawaida, baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, betri hupoteza takriban moja ya tano ya uwezo wake. Ikikaa kwenye joto na chaja mchana na usiku, huzeeka mapema zaidi. Baadhi ya laptopu zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Kama laptopu yako inakaa kwenye umeme muda wote, utumie.

Betri iliyochakaa inaweza kutengeneza gesi na kuvimba. Dalili zake ni sehemu ya kusogezea kishale iliyoinuka au isiyobonyea, mfuniko wa chini uliotanuka, au laptopu inayoyumba ikiwekwa mezani. Ukiona hivyo, izime, chomoa chaja, usiichaji tena na usijaribu kuibonyeza irudi. Mpelekee fundi aitoe. Laptopu nyingi huendelea kufanya kazi kwa chaja pekee, bila betri, hadi utakapopata nyingine.

Betri iliyotolewa isitobolewe, isitupwe kwenye moto wa takataka, wala wasipewe watoto kuchezea. Iwekwe nje ya nyumba, mahali pakavu mbali na vitu vinavyoshika moto, hadi ipelekwe kwa wanaokusanya taka za umeme. Ikianza kutoa moshi, toeni watu ndani; moshi wake una sumu.

Kama unanunua ya mtumba

Usikubali kuonyeshwa kioo kilichowaka kisha ukatoa fedha. Omba ichezwe video kwa dakika 15 hadi 20, huku mkono wako uko kwenye matundu ya hewa. Sikiliza feni. Tazama kama mfuniko umekaa sawa. Fungua lile dirisha la asilimia na uulize kama diski ni SSD. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hataogopa dakika 20.

Jambo jingine ni mfumo. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukubali rasmi prosesa ambazo, kwa sehemu kubwa, zilitoka kuanzia karibu mwaka 2018. Laptopu ya zamani zaidi ya hapo itaendelea kuwaka, lakini bila masasisho ya usalama ni hatari kuitumia kwa mambo ya benki na fedha. Zipo njia nyingine, kama mfumo wa bure wa Linux, ambao ni mwepesi kwa mashine za zamani na unatosha kwa kuandika, hesabu na intaneti.

Lini useme basi

Wakati upo wa kuiacha. Ikiwa bodi yenyewe imeungua, au gharama ya matengenezo inakaribia bei ya nyingine iliyo bora, usiendelee kuitia fedha. Lakini kama kosa lake ni kupata moto na kuwa nzito tu, usikubali iitwe mfu kabla vumbi halijatolewa, pesti haijabadilishwa na diski haijapimwa. Kwenye mazingira yetu ya vumbi, ifungue na kuisafisha mara moja kwa mwaka, ikiwezekana mwisho wa kiangazi, na pesti ibadilishwe kila baada ya miaka michache.

Na iwe nzima au mgonjwa, nakili kazi zako kila wiki. Laptopu ikifa, nyingine inaweza kununuliwa. Alama za wanafunzi na hesabu za akiba za kikundi hazipatikani sokoni.